Kelele za Chura: Sauti, Ubomoaji na Mtaa wa Bwaise katika Riwaya ya Kintu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya sauti katika sehemu ya ufunguzi ya riwaya ya Kintu (2014) ya Jennifer Nansubuga Makumbi, inayotokea Bwaise, katika divisheni ya Kawempe jijini Kampala. Hoja ya msingi ni kwamba neno kelele hutaja sauti kubwa na papo hapo hutoa hukumu. Anayeitwa mpiga kelele huwa ameshanyimwa nafasi ya kusikilizwa, na mtaa unaoitwa wa kelele huwa umeshaanza kubomolewa kwa maneno kabla ya tingatinga kufika. Usomaji wa Bwaise unalinganishwa na sauti ya treni katika A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha deni linalobaki kwa Kiswahili chenyewe, lugha ambayo wakazi wengi wa Kampala waliwahi kuisikia kama tishio.

Istilahi muhimu: kelele, sauti, ubomoaji, Bwaise, riwaya ya Uganda

1. Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili mashuhuri kuhusu kelele. Ya kwanza husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ya pili, kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Zote mbili hufundishwa shuleni kama mawaidha ya uthabiti: mtu asiyumbishwe na maneno ya watu. Hata hivyo, methali hizi zinaweza kusomwa kutoka upande wa pili. Ng'ombe hupita kisimani akanywa na kuondoka, ilhali chura huishi humo. Mwenye nyumba hulala kwa sababu nyumba ni yake. Methali haisemi lolote kuhusu mpangaji, ambaye mlango ukigongwa alfajiri hawezi kujifanya hakusikia. Katika methali zote mbili, sauti inayopuuzwa ni ya asiye na nguvu, na kupuuzwa huko ndiko kunakosifiwa.

Usomaji huu wa upande wa pili unafaa kuipokelea riwaya ya Kintu, iliyoshinda tuzo ya miswada ya Kwani? mwaka 2013 na kuchapishwa Nairobi mwaka uliofuata. Wahakiki wengi wameijadili kama riwaya ya laana, ukoo na historia ya Buganda, na kwa haki, kwani sehemu kubwa ya masimulizi inaanzia karne ya 18. Ufunguzi wake, hata hivyo, ni wa mjini na wa karibu: Bwaise, Jumatatu ya tarehe 5 Januari 2004. Makala haya yanadai kwamba ufunguzi huo ni uchunguzi makini wa jinsi mtaa unavyosikika, na wa nani anayelipa gharama ya kusikika hivyo.

2. Reli isiyopita Kawempe

Fasihi ya Afrika Mashariki inapotaka kuonyesha mji unaobadilika, mara nyingi huleta treni. Katika A Grain of Wheat, utabiri wa nyoka wa chuma unatangulia reli yenyewe, na reli inapofika, sauti yake inageuka kuwa sehemu ya maisha ya Thabai. Vijana hukimbilia stesheni ya Rung'ei siku za Jumapili kulipokea gari la moshi. Mapenzi, ushindani na majigambo hupangwa kwa kufuata mlio wake. Ni sauti ya dola ya kikoloni, lakini ina ratiba, ina mahali, na ina mwenyewe anayejulikana. Kijiji cha zamani cha Thabai kinapobomolewa wakati wa Hali ya Hatari na watu kulazimishwa kujenga upya karibu na Rung'ei, msomaji anajua nani ametoa amri.

Kampala nayo ina simulizi yake ya reli. Njia ya reli kutoka pwani ilifika mji huo mwaka 1931. Mwezi Julai 2014, mwaka uleule Kintu ilipochapishwa, vibanda na nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya reli huko Namuwongo na Ndeeba zilibomolewa, na mwishoni mwa 2015 treni ya abiria kati ya Kampala na Namanve ikaanza safari. Mkazi wa Namuwongo anaweza kuunyooshea kidole mlio uliomhamisha.

Kawempe haina reli. Njia ya mashariki hupita Nakawa, ya magharibi hupita Rubaga, na divisheni hii ya kaskazini hubaki na barabara ya Bombo, teksi na bodaboda zake, masoko, misikiti, makanisa, vinu na spika za maduka. Lakini mwaka 2004, mwaka ambao Makumbi ameuchagua kwa ufunguzi wake, ndio ujenzi wa Barabara ya Mzunguko wa Kaskazini ulipoanza. Barabara hiyo ya kilomita 21, kutoka Busega hadi upande wa Bweyogerere, ilifunguliwa mwaka 2009 na hukutana na barabara ya Bombo hapohapo Bwaise. Riwaya haiitaji. Hata hivyo, mwandishi aliyechapisha mwaka 2014 alikuwa akiandika juu ya mtaa ambao wasomaji wake wa Kampala walikwisha kuuona ukipasuliwa na barabara hiyo. Bwaise ya Januari 2004 ni Bwaise iliyo ukingoni mwa kubadilika, na tofauti yake na Thabai ni kwamba hakuna mlio mmoja unaotangaza mabadiliko hayo.

3. Mlango unaogongwa, neno linaloenea

Riwaya inaanza kwa sauti ndogo sana: mlango unagongwa. Mwanamke anaamka, anamruka mwenzake kitandani, anaokota kanga sakafuni na kujifunga ili akafungue. Nje wapo wanaume wa baraza la mtaa. Wamemfuata Kamu Kintu aende kuhojiwa. Hakuna king'ora wala gari la polisi. Mamlaka ya mtaa inafika kwa miguu na kwa adabu, na hiyo ndiyo hatari yake. Kelele za mlango zimemzuia mpangaji kulala.

Njiani, sokoni, ndipo sauti ya pili inapozaliwa. Mtu mmoja anauliza iwapo yule anayepelekwa ni mwizi. Swali linapokewa na mwingine, linarudiwa, linapoteza alama yake ya kuuliza, na baada ya midomo michache limekuwa taarifa. Hakuna aliyesema uongo, kwa maana kwamba hakuna aliyesema jambo kwa niaba yake mwenyewe. Kila mmoja amerudia alichosikia. Kamu anauawa na umati unaoamini kwamba umesikia ushahidi, ilhali umesikia mwangwi wa sauti yake wenyewe.

Ufundi wa Makumbi hapa ni wa kisarufi kabla ya kuwa wa kimaudhui. Kinachobadilika ni kiimbo. Swali na kauli huweza kuwa na maneno yaleyale, na kinachozitenganisha ni namna sauti inavyopanda au kushuka mwishoni. Mahali penye utulivu tofauti hiyo husikika. Mahali ambapo injini, wauzaji na spika vinagombea sikio moja, kiimbo ndicho hupotea kwanza na neno ndilo hubaki. Kwa usomaji huu, zogo la soko si pambo la mandhari. Ndilo linalowezesha swali kugeuka hukumu.

Waganda wana enduulu, yowe la kuomba msaada ambalo kwa desturi humfunga jirani kutoka na kuitikia. Kiswahili kinalo yowe na ukunga kwa kazi hiyohiyo. Kilio cha mwizi sokoni hurithi nguvu yote ya enduulu: watu hutoka na kukimbia. Kisichorithiwa ni wajibu wa jirani wa kujua nani amelia, kwa nini, na dhidi ya nani. Bwaise ya riwaya ni mtaa wa wahamiaji na wapangaji, watu wanaokaa ukuta kwa ukuta bila kujuana majina. Yowe la kijiji limeingia mjini, lakini majirani waliolipa maana wamebaki kijijini.

4. Chura na maji

Bwaise ilikuwa ardhi oevu, na maji hayajasahau. Mvua kubwa inyeshapo mabonde yanayozunguka hutiririkia huko, na upanuzi wa mfereji wa Lubigi umekuwa miongoni mwa miradi mikubwa ya miundombinu katika eneo hilo. Makumbi anaijua historia hiyo ya kinamasi na anaifanya kuwa sehemu ya maelezo yake ya mtaa. Kwa hiyo chura wa methali ana makazi halisi katika riwaya hii.

Wakazi wa bonde hilo wana haki zinazotofautiana sana juu ya ardhi. Chini ya mfumo wa mailo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, mtu mmoja anaweza kuwa na hati, mwingine akawa na kibanja juu ya ardhi hiyohiyo, na wa tatu akapanga chumba kwa mwenye kibanja. Chumba hicho kimoja cha kupanga huitwa muzigo kwa Kiganda. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipokea neno hilo bila kusikia mzigo, na ingawa katika Kiganda hilo silo linalokusudiwa, mfanano huo unatoa funzo. Mradi unapofika, mwenye hati hujadili bei na mwenye kibanja hudai fidia. Mpangaji wa chumba hubeba alichonacho na kuondoka. Malalamiko yake hayana karatasi, na yasiyo na karatasi husikika ofisini kama kelele.

Hapa ndipo msamiati wa maendeleo unapostahili kuhakikiwa. Tingatinga hunguruma, lakini taarifa za miradi huziita sauti hizo kazi inayoendelea. Muuza nyanya huita wateja, na taarifa hizohizo humwita kero. Kiswahili cha mitaani Tanzania na Kenya kimejibu kwa neno bomoabomoa. Uradidi wake unalirudisha pigo masikioni, nalo linataja tendo kwa jina lake, tofauti na uboreshaji wa makazi, ambao husema matokeo yanayotarajiwa na kukificha kitendo. Mhakiki anayepima kelele za mtaa bila kupima pia ukimya wa lugha ya ofisi huwa ameshachukua upande.

5. Riwaya inaponyamaza

Kuisifu riwaya hakuzuii kuihoji. Umati wa Bwaise katika Kintu hauna nyuso wala majina. Kamu ana ukoo unaorudi nyuma zaidi ya miaka 250, na riwaya nzima inatumika kumtafutia asili ya kifo chake. Waliomuua hawana hata jana. Masimulizi yanairudia maiti yake kati ya sehemu moja na nyingine, lakini hayaurudii umati ili kuuliza kila mmoja alitoka wapi na alipoteza nini. Kwa namna hiyo riwaya inakaribia kufanya kile inachokikosoa: inausikia mtaa kama kelele.

Inaweza kutetewa kwamba umati usio na uso ndio ukweli wa mauaji ya aina hiyo. Utetezi huo una uzito, lakini hautoshi. Ngũgĩ anaibomoa Thabai, kisha anawafuata watu wake mmoja mmoja hadi kwenye handaki walilolazimishwa kuchimba, na kwa hiyo msomaji anaweza kumchukia msaliti na bado kumfahamu. Mtu wa Bwaise aliyeuliza lile swali la kwanza angestahili kufuatwa hivyo. Huenda aliuliza kwa hofu. Huenda alikuwa ameibiwa juma lililotangulia, na baraza la mtaa halikumsikiliza.

6. Kiswahili kama kelele

Swali la nani husikilizwa linairudia lugha ya makala haya. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wakazi wengi wa Kampala wa miaka ya 1970 na 1980 hiyo ilikuwa lugha ya askari kizuizini na ya mtu mwenye silaha mlangoni usiku. Moses Isegawa, mwandishi wa Abyssinian Chronicles, alizaliwa Kawempe mwaka 1963. Kizazi chake kilikisikia Kiswahili katika mazingira hayo. Kwao, Kiswahili kilikuwa kugongwa kwa mlango.

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Haya ni mafanikio. Lakini lugha inayofika Bwaise kwa amri, kama barabara, inaweza kuwapita watu juu ya vichwa vyao. Ikiwa Kiswahili kitaingia ofisi za divisheni kikiwa na uboreshaji tu na bila bomoabomoa, kikiwa na wakaaji holela na bila mpangaji wa muzigo, kitakuwa kimejifunza kusema bila kujifunza kusikiliza.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ufunguzi wa Kintu unajengwa juu ya safari ya sauti, kutoka mlango unaogongwa hadi neno linaloua, na kwamba zogo la mtaa ni sharti la safari hiyo. Yameonyesha pia kwamba riwaya yenyewe haikuupa umati wake sikio ililolipa ukoo wa Kamu. Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hii ingekabiliwa na uamuzi mmoja mgumu mapema sana: iite sauti za soko la Bwaise kelele, au itafute kwa kila sauti jina lake, mwito, mlio, yowe, swali. Njia ya pili ni ndefu zaidi, na Kiswahili kina maneno ya kuifuata. Chura anayeitwa mpiga kelele huenda alikuwa anasema kwamba maji yanapanda.