Namba Mbili za Fundi Umeme

Fundi umeme mzuri hana haraka ya kushika bisibisi. Mwenye nyumba analalamika kwamba hita yake ya kuogea imechoka, maji hayapati moto kama zamani. Wengi wangemkubalia na kumtuma dukani akanunue nyingine. Huyu anatoa mita.

Hita imeandikwa volti 230, wati 2,000. Anaiwasha na kupima volti kwenye ncha zake: 207. Kisha anaibana mita ya mkondo kwenye waya mmoja peke yake, maana akibana wa kwenda pamoja na wa kurudi, mikondo hufutana na mita husoma sifuri. Anapata ampea 7.8. Basi, namba hizo mbili zimemtosha. 207 akigawanya kwa 7.8, ukinzani ni omu 26.5. Akizidisha, nguvu ni wati 1,615.

Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii. Jibu la kuzidisha linampa haki mwenye nyumba: karibu wati 400 hazipo. Jibu la kugawanya linaitetea hita, kwa kuwa kifaa cha wati 2,000 kwa volti 230 hutakiwa kuwa na omu hizo hizo. Koili ni nzima, ila haipati umeme wa kutosha. Volti zimepungua sehemu moja tu kati ya kumi, lakini zikishuka huushusha na mkondo, ndiyo maana nguvu imepungua karibu sehemu mbili.

Volti zimepotelea wapi? Kwenye swichi kuu, hita ikiwa inawaka, anasoma 226. Kumbe 19 zinaliwa humo humo ndani ya nyumba. Anazigawanya kwa 7.8: omu 2.4 hivi, wakati waya mzima wa shaba wa nyumba ya kawaida usingefika hata nusu omu. Anazizidisha: wati 148 za joto, mahali asipopaona mtu. Sasa ndipo anazima umeme na kufungua boksi moja baada ya jingine, mpaka anakuta skrubu iliyolegea na plastiki ya waya iliyobadilika rangi. Hapo moto ungeanzia.

Uvumilivu huu una asili yake. Georg Simon Ohm, ambaye omu ina jina lake, mtoto wa fundi makufuli na mwalimu wa shule mjini Cologne, Ujerumani, alisumbuliwa na betri za wakati wake ambazo nguvu yake ilikuwa ikiyumba. Mwaka 1826 akaziacha, akatumia maungio ya bismuthi na shaba, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, ili chanzo kitulie. Ndipo akapima waya za shaba za urefu mbalimbali. Kitabu chake kuhusu kanuni hiyo ya volti, mkondo na ukinzani kilitoka 1827.

Fundi wetu naye anajua hesabu yake inafika wapi. Kwa friji au feni yenye mota, volti mara ampea hazitoi wati halisi, na hatamki namba asiyoiamini. Uaminifu huo nauheshimu kuliko kasi yoyote ya mikono.

Kwa hiyo fundi akija kwako na mita, mpe nafasi apime hita ikiwa inawaka, na umuulize amepata volti ngapi na ampea ngapi kabla hujatoa hela ya kifaa kipya.