Makofi kwa August Pullman

Riwaya ya R. J. Palacio, Wonder (2012), inaanza kwa ukaidi ninaouhusudu. August Pullman, mtoto wa miaka 10 wa New York aliyezaliwa na uso usiofanana na nyuso za wenzake na aliyekwisha kupasuliwa mara 27, anakataa kutueleza sura yake. Msomaji aliyekuja kukodoa macho ananyimwa cha kukodolea. Inambidi aujue kwanza ucheshi wa mtoto huyu, mapenzi yake kwa Star Wars, na kofia ya mwanaanga aliyokuwa akijifichia.

Anayetueleza sura hiyo kwa kina ni dada yake, Via. Hapo ndipo usimulizi unaopokezanwa na wahusika sita unapozaa matunda. Via anampenda nduguye na humtetea mbele ya macho ya wapita njia. Lakini anapoingia sekondari mpya hataki wenzake wamjue, kisha anajichukia kwa kutotaka kwake. Kwangu, hizi ndizo kurasa bora za riwaya. Sisi tunaozijua nyumba ambamo mtoto mwenye mdomo wa sungura huingizwa chumba cha ndani wageni wanapobisha hodi, tunajua kwamba aibu na mapenzi hulala kitanda kimoja.

Shuleni, Palacio anajua pia jinsi mtoto anavyoumizwa bila kutukanwa: wenzake wana mchezo ambao anayemgusa August hukimbilia kunawa mikono. Siku ya Halloween, siku pekee anayotembea kwa raha kwa kuwa kila mtu amevaa kinyago, ndiyo siku anayomsikia rafiki yake Jack akimsengenya.

Kisha mwandishi anateleza. August anakubalika baada ya kushambuliwa na wavulana wa shule nyingine; mwisho wa mwaka anapewa medali, na ukumbi mzima unasimama kumpigia makofi. Kwa lipi hasa? Watoto wengine huruhusiwa kumaliza mwaka wakiwa wavivu, wenye kisirani, au wasio na lolote la kusifiwa. Huyu lazima awe ajabu, kama jina la kitabu linavyodai. Filamu ya 2017 ilizidisha: nafasi yake alipewa Jacob Tremblay, asiye na tofauti hiyo, akavalishwa uso wa bandia ambao jioni ulivuliwa.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Tunaposema “hujafa hujaumbika”, tunamsemesha mchekaji, tukimtisha kwamba yake yanakuja. Mtoto aliyesimama pale anageuzwa onyo kwa mwingine, na hakuna aliyemsemesha yeye.

Riwaya yenyewe inayo njia nyingine, ila imeipitia mbiombio. Siku ya kwanza ya shule, Summer anakwenda kukaa kwenye meza ya August wakati wa chakula. Wenzake wanamuuliza kama mwalimu mkuu ndiye aliyemtuma. Hakutumwa. Anakiri kwamba mwanzoni alimhurumia tu; akabaki kwa sababu August anachekesha. Wawili hao wanatunga orodha ya watu ambao majina yao yanawapa haki ya kukaa mezani pao, na wanacheka kwa upuuzi wa kawaida wa watoto. Palacio amempa Summer kurasa chache mno. Ningeutoa ukumbi ule, pamoja na medali yake, nipate mlo mmoja zaidi kwenye meza hiyo.