Mbegu Isivunjike

Bungo ni tunda lenye kiburi. Kwa nje ni duara la rangi ya chungwa, ganda gumu, halina harufu ya kumwita mpita njia. Ukilipasua unakuta mbegu zilizovikwa nyama ya manjano yenye nyuzinyuzi, zimebanana kama watoto waliolazwa kitanda kimoja. Huwezi kulimenya ukalila kama embe. Watoto hulifyonza kwa chumvi na pilipili, wakakunja uso, wakatema mbegu zenye manyoya. Mbungo wenyewe ni mtambaa wa msituni, unapanda juu ya miti ya wenzake, na ukiukata unatoa utomvu mweupe. Ni wa ukoo mmoja na ile mitambaa ya mpira ambayo utomvu wake ulisafirishwa ng'ambo kutoka pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Wageni walifuata utomvu, sisi tukabaki na tunda. Kwa hilo peke yake, hatukupunjika.

Bibi yangu wa Tanga alitengeneza juisi ya mabungo kwa mkono tu. Anazikwangua mbegu pamoja na nyama yake kwa kijiko, anazitia kwenye bakuli, anamimina maji ya vuguvugu ya kuzifunika tu, halafu anaondoka. Anakwenda kuchagua mchele, au kusali Alasiri. Akirudi, nyama imelainika na maji yameshika rangi. Hapo ndipo anatia mkono na kuanza kufikicha: kidole gumba kinapita juu ya vidole vingine, mbegu zinateleza katikati moja moja, kama mtu avutaye tasbihi. Habonyezi. Mbegu ikishavuliwa nguo yake anaiachia izame. Kisha chujio, maji mengine kidogo, chujio tena, sukari, chembe mbili tatu za chumvi, na iliki moja iliyotwangwa. Jagi likijaa, anafunika kwa kitambaa na kuliweka kwenye kona yenye ubaridi, mbali na mikono yetu.

Blenda ilipoingia nyumbani nilikuwa darasa la sita, na ilikuwa Ramadhani. Nikamwambia, "Bibi, leo pumzika, juisi niachie mimi." Nikamimina mabungo yote, nikabonyeza kitufe cha mwisho upande wa kulia, nikasimama pale nikifurahia mngurumo. Kilichotoka kilikuwa kizito, chenye povu, na rangi yake ilikuwa imefifia kama ya maji ya kuoshea brashi. Adhana ilipolia, Bibi alionja funda moja. Akakaa kimya, akatoa kwa ncha ya ulimi kijipande cha mbegu, akakiweka kwenye ukingo wa sahani.

"Umesaga mbegu, mjukuu wangu."

Hakuongeza neno. Siku ile tulifuturu kwa tende na maji, na mimi nikaipata elimu ambayo kitabu cha maelekezo ya ile mashine hakikuwa nayo. Karibu kila tunda limeficha uchungu mahali fulani: kwenye mbegu, kwenye ngozi nyeupe chini ya ganda, kwenye kikonyo. Mtengenezaji juisi hodari anajua ulipo, na anachukua haki yake bila kuuamsha.

Chukua chungwa, ambalo kila mtu anadhani analijua. Sisi wa Tanga tumelelewa kwa machungwa ya Muheza, ambayo huiva yakiwa bado ya kijani kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuyageuza rangi. Mgeni huyapita sokoni akidhani ni mabichi, na sisi hatumwambii. Chungwa hilo likikatwa na kukamuliwa kwa mkono, juisi yake ni tamu. Lakini jaribu kulitia kwenye blenda pamoja na kokwa zake na ile ngozi nyeupe. Ukilinywa papo hapo, pengine hutaona kasoro. Lihifadhi mpaka daku, uonje tena. Uchungu umekwisha fika, nawe hujui umeingilia mlango gani. Wataalamu wa vyakula wameupa jina, limonini. Ndani ya chungwa zima haupo kama uchungu; kipo kitu kingine kisicho na ladha hiyo, ambacho kikikutana na ukali wa juisi baada ya kukamuliwa hugeuka kidogokidogo kuwa limonini. Kokwa na ngozi nyeupe ndizo ghala lake. Niliposoma habari hizo nikiwa mtu mzima nilicheka peke yangu, maana nyumbani sheria ilikuwa na maneno machache tu: chungwa hukamuliwa, halipondwi.

Pasheni, au karakara kama waitavyo wengine, ina kosa lake la peke yake. Mbegu nyeusi zikikatwakatwa na visu vya blenda, juisi inajaa vidoadoa vinavyokwaruza koo na inaingia ladha ya mti mkavu. Dawa ni kutia kijiko, kukoroga kwa nguvu ili mbegu ziachane na ute wake, na kuchuja. Akilazimika mtu kutumia blenda, basi akiguse kitufe na kuachia, mara mbili, tatu basi. Nina rafiki Dar es Salaam, mwuza juisi kwa miaka mingi, ambaye huhesabu miguso hiyo kwa sauti. Ukimsemesha akiwa kwenye mguso wa pili hakujibu.

Tango nalo, ambalo limepata umaarufu tangu watu waanze kunywa mboga kwa ajili ya vitambi, uchungu wake hukusanyika upande wa kikonyo na kwenye ganda. Wazee walikata ncha hiyo na kuisugua juu ya tango mpaka litoke povu jeupe. Mimi siisugui, naitupa ncha na kuonja kipande kinachofuata. Kuonja kipande kimoja kabla ya kutia kumi ni akili ambayo sijui kwa nini watu wengi wanaiona ya kibahili.

Halafu kuna uchungu ambao hauko kwenye tunda hata kidogo, tunautengeneza wenyewe. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini. Ndicho kinachofanya ulimi uwashe ukila vipande vingi. Likichanganywa na maziwa, kimeng'enya hicho huyashambulia maziwa, na baada ya muda mfupi kinywaji kinaganda na kuwa kichungu. Papai hufanya vivyo hivyo. Anayetaka maziwa kwenye nanasi anywe pale pale akiwa amesimama, asimwekee mgeni wa saa kumi. Mimi nanasi la Kiwangwa sitaki kuliona karibu na maziwa. Linatosha lenyewe, na maganda yake yaliyooshwa vizuri, yakichemshwa na tangawizi na karafuu mbili, yanatoa jagi la pili ambalo halikugharimu kitu.

Ukwaju je? Huo unastahili insha yake. Waarabu waliuita tende ya Kihindi, nasi hatukuhangaika na jina lao, tukabaki na letu. Na ni haki, maana mti wenyewe asili yake ni Afrika. Mkono unatakiwa hapa kuliko popote. Unauloweka, unauvuruga, unazitafuta kokwa na mishipa ndani ya tope lile la kahawia na kuzitoa. Jambo moja nalisisitiza kwa kila jirani: usiulaze kwenye sufuria ya alumini. Ukali wake hula sufuria, na asubuhi unakunywa bati. Bakuli la udongo, la kioo au la plastiki nzuri linatosha.

Juisi za mboga nilizidharau, nakiri. Karoti na tangawizi niliikubali mapema kwa sababu ni tamu. Bitiruti nilianza kwa shingo upande, na siku ya pili yake nilikwenda haja ndogo nikaona wekundu, nikakimbilia zahanati nikiwa nimekwisha waza wosia. Daktari aliniuliza nilikula nini jana. Nilipomjibu aliweka kalamu chini akacheka mpaka mgonjwa aliyekuwa nje akachungulia. Si kila mtu hupatwa na hilo. Baadhi yetu tu rangi ile hupita mwilini bila kuvunjwa. Siku hizi naikata bitiruti nyembamba, naikamulia ndimu nzima ili kuipunguzia harufu yake ya udongo wa mvua, na nakunywa gilasi ndogo bila hofu ya zahanati.

Ndogo, nasema. Kwenye chujio ndiko zinakobaki nyuzinyuzi, na machungwa manne ambayo mtu hawezi kuyala kwa mkupuo hunywewa kwa dakika moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na ile tunayotia kwa kijiko, hata kama jagi halikutiwa chembe. Bibi hakuusoma mwongozo huo, lakini gilasi zake za juisi zilikuwa zile fupi za chai ya mkandaa, na hakuna mjukuu aliyewahi kupewa ya pili.

Sina ugomvi na blenda. Ninayo, na embe dodo au stafeli iliyotolewa mbegu naisaga humo nikashukuru umeme ukiwepo. Parachichi halina njia nyingine, ingawa kinachotoka mimi nakiita uji. Ninachokataa ni ile imani kwamba mashine ikinguruma kazi imekwisha. Kinachobaki ni kingi: maji yawe yamechemshwa yakapoa, kwa sababu ndimu peke yake haitoshi kuzuia kipindupindu, chujio liwe limeanikwa juani, lisiwe lile lililochuja tui jana, barafu itengenezwe kwa maji yale yale ya kuchemsha, maana wengi huchemsha maji kisha wakatia barafu ya bomba. Sukari itiwe mwisho, baada ya kuonja, na chumvi kidogo sana itangulie, kwa kuwa mara nyingi chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa inahitajika.

Na mkono uoshwe mpaka kwenye kiwiko. Bibi alivua pete yake kabla ya kufikicha, akaiweka juu ya kifuniko cha mtungi, na sisi tuliiangalia pete ile ili kujua kama juisi imekaribia. Ikirudi kidoleni, tunakimbilia gilasi.

Ukiyaona mabungo sokoni, chagua yale ya rangi ya chungwa iliyokolea, yasiyo na doa jeusi wala ufa. Manne au matano makubwa yanatosha jagi moja la familia. Pasua, kwangua, tia maji ya vuguvugu, uende ukafanye kazi nyingine kwa nusu saa. Blenda iache kabatini.