Le Dernier Train du Katanga: jamani, lile behewa!

Nimetoka kuiona sasa hivi, masikio bado yanalia, na kungoja kesho siwezi. Le Dernier Train du Katanga! Filamu ya mwaka 1968. Waingereza waliitoa kwa jina The Mercenaries, Wamarekani wakaiita Dark of the Sun. Na mimi, mtoto wa Kamina niliyelelewa na king'ora cha gare, nimefika umri huu bila kuitia machoni. Wazee wamekuwa wakiitaja miaka yote, kila mmoja akiisimulia kivyake. Leo kijana mmoja wa mtaani kaja nayo kwenye flashi, tukaazima projekta, tukatundika shuka ukutani, jenereta ikanguruma, na kwa dakika 100 hivi hakuna aliyekumbuka bia yake.

Ni moja ya zile filamu za wazungu wenye bunduki wanaokuja kuokoa wazungu wenzao, sikatai. Lakini ina treni, ndugu zangu. Ina treni!

Kisa chenyewe ni chepesi. Kongo iko vitani, Rais Ubi hana fedha, na katika mji wa mgodi uitwao Port Reprieve kuna almasi ghafi za dola milioni 50 zilizofungiwa ndani ya sefu ya kampuni. Waasi wa Simba wanaukaribia mji. Rais anamwajiri mamluki, Kapteni Curry, anayechezwa na Rod Taylor wa Australia: chukua treni, nenda, urudi ndani ya siku tatu. Watu wataambiwa umekwenda kuwaokoa raia. Mimi na wewe tunajua umefuata nini. Basi anakusanya watu wake: Ruffo, Mkongomani aliyesoma Marekani; daktari mlevi; Mjerumani aliyekuwa mwanajeshi wa Hitler na bado anavaa alama ya swastika bila haya; na askari arobaini wa serikali. Injini ya moshi inapiga honi, safari imeanza, na kuanzia hapo hupumui. Ndege ya Umoja wa Mataifa inaimwagia treni risasi! Nyumba inaungua kando ya reli! Kila kona ya njia ina jambo lake.

Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke aya hii. Wamefika Port Reprieve, na sefu ile ina kufuli ya saa: haifunguki mpaka muda wake utimie, masaa matatu hivi. Masaa matatu! Treni imesimama, abiria wamekwisha kupanda na masanduku yao, mitutu ya Simba inasikika inakaribia, na watu wazima wamekaa wakitazama mlango wa chuma. Nilikuwa nauma kola ya shati. Mwishowe almasi zinatoka, zinapakiwa, treni inaondoka chini ya moto, inapanda kilima, tunaanza kushangilia, na kombora linaangukia kiungo cha behewa la mwisho. Behewa linakatika. Linasimama kidogo, kama linafikiri. Halafu linaanza kurudi nyuma, polepole, kuteremka kilima, limejaa watu na almasi zote zimo humo, kuelekea mikononi mwa wale waliowakimbia. Wanaopiga mayowe ni abiria peke yao. Kwetu ukumbini kimya kilitanda kama kanisani.

Ndipo papa mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa kakaa mbele kabisa, akasema kwa sauti ya kukasirika: «Hapana! Mpira wa breki ukikatika, behewa linajifunga lenyewe!» Akatueleza papo hapo, filamu ikiendelea, kwamba breki za treni zimetengenezwa hivyo makusudi: bomba likipasuka, magurudumu yanakamatwa, behewa haliwezi kukimbia. Na zaidi ya hapo kuna breki ya mkono. Alikuwa wapi mtu wa kuizungusha? Wote tukacheka, lakini papa ana haki. Mimi namwambia hivi: kwa tukio lile, naisamehe sayansi nzima ya reli. Hata mafundi wa Hollywood hawakuwa wakitegemea kuonyesha kazi yao Kamina, mji ambao njia ya kutoka Lubumbashi inagawanyika, moja ikielekea Ilebo tangu 1928, nyingine Kabalo tangu 1956. Hapa hata muuza karanga anajua uzito wa behewa.

Na hili ndilo lililonipandisha mori: filamu haitaji Kamina hata mara moja, ilhali Kamina imo kila mahali ndani yake. Mamluki wa kweli wa mwaka 1964, wale wa Mike Hoare, walitua hapa, BAKA, kambi kubwa waliyoijenga Wabelgiji. Kikosi cha Kanali Vandewalle, Mbelgiji, kilikusanywa hapa kabla ya kwenda kaskazini. Makomando wa Kibelgiji waliorukia Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964, kutoka ndege za Kimarekani, walipumzika na kuondokea kwenye barabara yetu ya ndege. Mtu akiuliza kwa nini wazee wa hapa wanaitazama filamu hii wakitikisa kichwa, jibu ni hilo: mitutu ile waliiona ikishuka.

Hata yule Mjerumani, Henlein, anayechezwa na Peter Carsten kwa namna ya kuchefua, si wa kubuni tu. Kwa Hoare alikuwako Siegfried Müller, askari wa zamani wa jeshi la Hitler, aliyejipamba kwa nishani yake ya msalaba wa chuma akiwa hapa Kongo. Wajerumani wa Mashariki walimketisha mbele ya kamera wakatoa filamu nzima juu yake, Der lachende Mann, mwaka 1966. Henlein anaua watoto wawili kwa kisingizio kwamba ni wapelelezi. Baadaye anamshambulia Curry kwa msumeno wa mashine, treni ikiwa kando, na pale, naapa, mama wawili waliondoka. Wahakiki wa 1968 walilalamika kwamba filamu ina ukatili mno. Hawakukosea. Watoto wapelekeni kulala kabla ya kuwasha.

Lakini picha zake! Mwongozaji ni Jack Cardiff, na kabla ya kuongoza alikuwa mpiga picha, mshindi wa Oscar kwa Black Narcissus ya 1947. Moshi wa injini, jasho, majani mabichi yanayong'aa hadi unasikia harufu yake: unajua kabisa nani kashika usukani. Tena Cardiff aliijua Kongo. Mwaka 1951 alikuwa huku, mto Ruiki, akipiga picha za The African Queen, na wenzake karibu wote wakaugua kwa maji machafu. Labda ndiyo sababu filamu yake ya Kongo aliipigia Jamaika! Ndiyo, Jamaika. Reli ile ni ya Jamaika, minazi ile ni ya Jamaika, na msituni hakuna mti hata mmoja unaoweza kukuambia habari za mkoa wetu wa Haut-Lomami. Sisi tuna bahati mbaya na jambo hili. La Légion saute sur Kolwezi ya 1980 walipigia Guyana ya Ufaransa. The Siege of Jadotville, ya Likasi yetu, walipigia Afrika Kusini. Hata Raoul Peck, mtu wa heshima zote, Lumumba yake aliitengenezea Zimbabwe na Msumbiji. Vita ni vyetu, mandhari ya kukodi.

Sasa Ruffo. Jim Brown! Alikuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani kabla hajaingia sinema, na anavyosimama unaona mtu aliyezoea kusukumwa na watu kumi asianguke. Katika filamu hii ndiye peke yake anayejua anapigania nini. Curry yuko kwa ajili ya malipo na hasemi uongo juu ya hilo. Ruffo anataka nchi isimame. Wanabishana juu ya hilo kama ndugu, si kama bwana na boi, na kwa filamu ya 1968 hilo lilinikalisha wima. Kuna pale wanaporudi kuzifuata almasi usiku, Ruffo akijifanya Simba na kumbeba Curry mabegani kama maiti. Huo ni ujasiri, na ni kichekesho pia, na Brown anaubeba wote bila kukunja uso. Wanavyommaliza, na nani anayemmaliza, sitasema. Nilitukana kwa Kiluba.

Kasoro kubwa sifichi. Simba hawana uso. Wanakunywa, wanachoma, wanatesa, basi. Hakuna mmoja anayefungua kinywa kusema kwa nini kashika panga. Mtu akiitazama bila kujua historia atadhani waliota kama uyoga. Uasi ule ulikuwa na watu na majina: Mulele kule Kwilu, Soumialot na Olenga mashariki, ulikuwa na hasira ya wakulima na walimu wasiolipwa walioona uhuru wa 1960 umeliwa na wachache. Ulikuwa pia na damu nyingi ya Wakongomani wenzao, na hiyo nayo filamu haioni, kwa sababu inahesabu maiti za wageni tu. Riwaya ya Wilbur Smith iliyozaa filamu, ya 1965, iko Katanga ya kujitenga; watengenezaji wakaihamishia vita vya Simba, na njiani sababu za watu zikadondoka.

Na mwisho wake? Kapteni Curry, baada ya kufanya alilofanya, anajisalimisha mwenyewe kwa koplo Kataki, Mkongomani, ili ahukumiwe. Kataki anachezwa na Bloke Modisane, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na anaupokea mzigo huo kwa macho tu. Hapo ukumbi uligawanyika. Vijana walisema ni uongo mtupu, mamluki gani alijipeleka mahakamani? Mama mmoja akajibu kwamba ndiyo maana ya sinema. Mimi niko na mama.

Itafuteni. Fungulieni sauti mpaka mwisho, kwa sababu muziki wa Jacques Loussier una huzuni tamu inayotambaa chini ya magurudumu. Quentin Tarantino aliupenda hadi akauchukua kwa Inglourious Basterds, na Rod Taylor naye akampa nafasi ya Churchill humo. Jumamosi tunaweka ile ya Kolwezi. Papa wa reli ameahidi kuja, kwa sharti kwamba asizibwe mdomo.