Ufundi wa Hewa Kiduchu

Ndani ya boksi la visikilizio vya kuchomeka masikioni huwa kuna kifuko cha nailoni chenye vimpira vya akiba, jozi ndogo na jozi kubwa. Vya kati vimeshavishwa kiwandani. Wanunuzi wengi hukitupa kifuko hicho pamoja na boksi, wakaishi miaka na kifaa ambacho hawajapata kukisikia sawasawa. Ninaowasifu hapa ni wale wasiokitupa. Hao huketi na kimpira, sponji na plasta ya karatasi, wakainyoosha sauti hatua kwa hatua bila kufungua programu yoyote ya simu. Kwangu mimi wanastahili heshima ile ile tunayompa mpiga ngoma anayeisogeza ngoma yake motoni, akaigonga, akaisikiliza, akairudisha tena, mpaka iitike anavyotaka.

Malighafi ya ufundi huu ni hewa. Spika ya sebuleni husukuma hewa ya chumba kizima. Kisikilizio husukuma ile tu iliyofungiwa kati ya kimpira na ngoma ya sikio, hewa isiyojaza hata nusu ya kijiko cha chai. Kwa kuwa ni kiduchu hivyo, ukiibana, ukiipanulia njia au ukiipa mwanya wa kutokea, sauti nzima hubadilika. Ndiyo maana vitu vya bei ndogo vinaweza kufanya kazi kubwa mikononi mwa anayejua.

Kazi huanza kwenye kuziba. Sauti nzito hujengwa na mgandamizo: kiwambo cha ndani ya kisikilizio kikisukuma na hewa ikakosa pa kutorokea, nguvu yote huifikia ngoma ya sikio. Ukibaki ufa, hata usioonekana, besi huvuja, ile ya chini kabisa ikitangulia. Kinachosalia ni sauti kavu yenye makali, na mwenye nacho hukimbilia kusema kifaa ni kibovu. Fundi hana haraka ya kusema hivyo. Hujaribu kimpira kikubwa zaidi, kisha kidogo zaidi, wala hashangai sikio la kulia likitaka saizi moja na la kushoto nyingine, maana hata masikio ya mtu mmoja hayalingani. Kipimo chake ni chepesi. Huuacha wimbo wenye besi ucheze, akakibonyeza kisikilizio taratibu kwa kidole. Besi ikijaa ghafla, anajua palikuwa na mwanya.

Baada ya kuziba huja kina. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5. Ukiwa wazi, wenyewe huikuza sauti yenye mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde, na hapo ndipo maneno ya msemaji yanapopata uwazi. Ukiuziba, mkuzo huo hupotea, na mtengenezaji hulazimika kuurudisha ndani ya kisikilizio kwa kukisia sikio la wastani, ambalo si lako wala langu. Isitoshe, hewa iliyofungiwa huzaa kilele kipya cha sauti, mara nyingi karibu na mitetemo 8,000, na mahali pa kilele hicho hutegemea urefu wa mfereji uliobaki mbele ya kimpira. Eneo hilo ndilo la s na sh za mwimbaji, na mng'aro wa matoazi. Akiimba mtu ambaye kila "sasa" yake inachoma, fundi hukisogeza kisikilizio ndani milimita mbili tatu tu. Kilele hupanda juu zaidi, s ikapita bila kuumiza. Hakuna kilichoongezwa wala kilichoondolewa, imebadilika nafasi peke yake, na bado jambo hili hunistaajabisha kila nikilifanya.

Kimpira chenyewe nacho kina tabia zake. Chenye tundu pana huiachia sauti nyembamba itoke ilivyo, na chenye tundu jembamba huibana, makali yakapungua. Silikoni ngumu hushikilia umbo lake, laini hufuata kuta za sikio. Sponji ina njia yake. Aina hii ya sponji inayorudi polepole baada ya kubanwa ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost, katika kazi aliyoifanya kwa ajili ya NASA kuboresha matakia ya viti vya ndege. Sikioni hujaza kila pembe ya mfereji, na pia hufyonza sehemu ya sauti kali inayopita ndani yake, kwa hiyo hukipoza kisikilizio chenye makali mengi.

Tazama anayejua anavyoivaa sponji hiyo. Huizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka iwe nyembamba, isiyo na mkunjo. Mkono wa pili huupitisha juu ya kichwa, akalivuta sikio juu na nyuma kidogo ili mfereji unyooke. Huichomeka, akaishikilia kwa ncha ya kidole wakati inatanuka. Kelele za nje hupungua kidogo kidogo: kwanza feni, halafu mazungumzo ya chumba cha pili, halafu pikipiki za barabarani. Akiachia mapema, sponji hujisukuma nje na kazi yote huanza upya. Kwa hiyo haachii mapema.

Kwa upande wa viwanda, mfano ninaoupenda kuliko yote ni ER-4, visikilizio vya Etymotic Research, kampuni iliyoanzishwa na Mead Killion huko Illinois, Marekani, mwaka 1983. Killion alitokea kwenye fani ya vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri, na ER-4 ilipotoka mwaka 1991 ilibeba maarifa ya fani hiyo. Mdomoni mwa kijiti chake, yaani kibomba kinachobeba kimpira, kimechomekwa kichujio cha kijani, kidogo kiasi kwamba kikianguka kwenye zulia hukipati. Kazi yake ni kuikinza hewa. Pale sauti inapotaka kuruka kupita kiasi, hewa hukimbia kwa kasi zaidi ndani ya kichujio, na msuguano huumeza ule mruko. Vichujio vya jamii hiyo vinavyotengenezwa na kampuni ya Knowles hutambulikana kwa rangi, kila rangi na kiwango chake cha ukinzani: cheupe 680, cha kahawia 1,000, cha kijani 1,500, chekundu 2,200. Namba ikipanda, kilele hulainika zaidi. Kichujio hicho hicho huizuia nta ya sikio isiingie ndani, kwa hiyo baada ya muda huziba. Sauti ya upande mmoja ikififia, mwenye ER-4 hakimbilii dukani. Huchukua kifaa kidogo kilichokuja ndani ya boksi, akakivuta cha zamani, akachomeka kipya.

Familia hiyo ilifundisha pia jambo kuhusu waya. ER-4P, iliyokusudiwa vifaa vya mkononi, ikiunganishwa na waya wa nyongeza wenye ukinzani wa omu 75 huanza kusikika kama ndugu yake ER-4S: besi hupungua kidogo, sauti nyembamba ikapanda. Hutokea hivyo kwa sababu ukinzani wa kisikilizio chenyewe haulingani katika sauti zote, na omu za nyongeza huikuza tofauti hiyo. Fundi mkweli huiheshimu sababu inayopimika namna hii, wala hatoi fedha zake kwa waya unaosifiwa kwa urembo wa shaba yake tu.

Ukitazama kwa makini mwili wa visikilizio vingi utaona vitundu kama vilivyotobolewa kwa sindano. Kilicho mbele, karibu na kijiti, huipunguzia hewa mgandamizo. Ukikifunika, besi huongezeka, pengine kupita kiasi. Kilicho nyuma huipa hewa ya nyuma ya kiwambo nafasi ya kupumua, na ukikifunika besi mara nyingi hukaza na kupungua. Plasta inayotumika ni ile ya karatasi ya hospitalini, kwa kuwa yenyewe hupitisha hewa kidogo. Fundi hukata kipande cha milimita mbili, akakibandika kwa ncha ya kibanio kikiwa kimefunika nusu ya tundu, akasikiliza. Akitaka zaidi, hukisogeza. Asipopenda, hukibandua, na kifaa kikarudi kama kilivyotoka kiwandani. Mimi naona adabu ndani ya kazi isiyoharibu chochote wakati wa kujaribu.

Yote hayo huongozwa na namna ya kusikiliza. Anayejua hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hurudi kwenye wimbo ule ule anaoujua kwa moyo. Mimi hutumia taarabu asilia ya Unguja, kama rekodi za Culture Musical Club, kwa sababu takhti yake, yaani kundi lake la ala, hugusa kila eneo la sauti. Dablibesi huniambia kama nimeziba vizuri. Mwimbaji na fidla huniambia kama pale kati pamekaa sawa. Ganuni, yenye nyuzi zinazodonolewa kwa haraka, huonyesha ukali uliozidi mara moja: kila mdono ukisikika na mwili wake pamoja na ncha yake, sauti imekaa. Ukisikika kama sindano, bado kuna kazi. Baada ya hapo huiacha mpaka kesho yake, kwa kuwa sikio huzoea upesi, na kilichopendeza usiku kinaweza kuchosha asubuhi.

Ufundi huu unalinda afya pia. Aliyeziba sikio vizuri hana haja ya kupandisha sauti ili aishinde kelele ya basi. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka huukata muda huo nusu. Kimpira kinachokaa vizuri huweza kukuondolea desibeli nyingi kuliko hizo tatu bila kukunyima wimbo.

Kwa hiyo nawaomba wenye maduka ya simu wauze vimpira na sponji za saizi nyingi kama wanavyouza chaji na kava, na watengenezaji waendelee kuuza vichujio vinavyobadilishika. Nawe msomaji, kabla hujavitupa visikilizio kwa kuwa "vimeharibika", safisha wavu wa mdomoni kwa brashi kavu, badilisha kimpira, kisogeze ndani kidogo, kisha weka wimbo unaoujua vizuri. Vingi vinavyotupwa ni vizima, vilikosa tu mtu wa kuvimalizia kazi ambayo kiwanda hakiwezi kuifanya, yaani kuvilinganisha na sikio la mwenyewe.