Majoka, Wahenga na Utumwa: Uhakiki wa Empire of Ivory ya Naomi Novik
Riwaya 9 za Temeraire (2006–2016) za Naomi Novik, mwandishi wa Marekani, zinasimulia upya vita vya Napoleon, majoka wenye akili wakiwa ndio jeshi la anga. Wapenzi wake husifu mno urafiki wa Kapteni Laurence na joka Temeraire. Sifa hiyo ni ya haki, ila haitoshi. Uzito wa riwaya hizi umo katika swali asilochoka kuliuliza Temeraire: kiumbe anayefikiri na kunena atamilikiwaje?

Katika juzuu ya nne, Empire of Ivory (2007), swali hilo linafika Afrika. Watswana huwaenzi majoka kama wahenga waliozaliwa upya, na majoka hao huteketeza bandari za watumwa wakiwadai watu wao waliotekwa. Hapa Mwafrika hangoji kukombolewa, anajikomboa. Hata hivyo, usimulizi haumbanduki Laurence, hivyo ushindi huo twauona kwa jicho la mateka Mwingereza.

Kasoro hiyo haiondoi utamu. Inawakumbusha waandaaji wa mitaala kwamba fantasia si ngano za watoto tu: huihoji historia, nayo yapasa kuhojiwa vilevile.