Kamera na Sitara: Uhakiki wa Upigaji Picha wa Kijamii kama Njia ya Kuunganisha Urithi na Wakati wa Sasa katika Mji Mkongwe wa Lamu

Miradi ya upigaji picha wa kijamii hujengwa juu ya dhana kwamba anayeonekana ndiye anayesikika. Dhana hiyo ilipata msingi wa kinadharia mwaka 1997, Caroline Wang na Mary Ann Burris walipofafanua mbinu iliyotokana na kazi yao pamoja na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China. Kwa mujibu wa mbinu hiyo, wanajamii hukabidhiwa kamera, hupiga picha za maisha yao, huzijadili kwa pamoja, kisha huzifikisha kwa watunga sera. Mwaka huohuo mradi wa Shootback ulianza kuwapa vijana wa Mathare, Nairobi, kamera zao wenyewe. Huko dhana hiyo ina mashiko, kwa kuwa mtaa uliozoea kupigwa picha na wageni ulipata nafasi ya kujieleza.

Tatizo huzuka mbinu hiyo inapohamishiwa Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba ya mawe ya Lamu huanzia dakani, ambapo mgeni huketi, hupita kwenye kiwanda na misana, hadi kufikia ndani. Kila hatua hupunguza idadi ya macho. Zidaka, ambazo ndizo pambo kuu la nyumba hiyo, zimewekwa mahali ambapo mpita njia hawezi kuziona. Kwa hiyo, urithi wa Lamu ni mawe na chokaa, na pia ni utaratibu wa kuamua nani aone nini. Mradi unaomhimiza mwenyeji azipige picha zidaka na kuzitundika hadharani huhifadhi umbo la urithi huku ukiibomoa maana yake.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba kamera ni ngeni kwa jamii hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, Heike Behrend anaonyesha kwamba wenyeji waliipokea kamera na kubishana nayo kwa muda mrefu. Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu, alikata nyuso za watu na kuzipandikiza ndani ya picha nyingine, na hivyo kumwonyesha mtu bila kumwanika. Vilevile, si ajabu katika sherehe za harusi za wanawake wa pwani simu kupigwa marufuku. Mradi unaoanza kwa kuwafundisha wenyeji maana ya picha hupuuza mjadala ambao wao wenyewe wamekwisha kuufanya.

Aidha, sitara yenyewe yahitaji kuhakikiwa. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana. Wanawake wao walipotoka, walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichobebwa na watumwa ambao wenyewe walibaki wazi mbele ya macho ya watu. Kusitirika kwa mmoja kulitegemea kuonekana kwa mwingine. Kwa sababu hiyo, mradi unaoitukuza sitara bila kuuliza ilikuwa ya nani waweza kurudisha tabaka la zamani kwa jina la urithi. Mjukuu wa aliyebeba shiraa huenda akaihitaji kamera kwa sababu ileile iliyomsukuma kijana wa Mathare.

Kutokana na hoja hizi, uhakiki huu unapendekeza kwamba miradi ya aina hii isipimwe kwa wingi wa picha zilizoonyeshwa. Ipimwe kwa uwezo wa kila mshiriki, awe wa ukoo wowote, kuamua mambo matatu: nani apige, nani aone, na picha ipi ifutwe. Picha nyingine zitaonyeshwa hadharani, nyingine zitabaki kwa wanawake au kwa jamaa, na nyingine hazitapigwa kabisa. Nafasi iliyoachwa tupu ukutani kwa uamuzi wa mwenye picha nayo ihesabiwe kuwa tokeo la mradi. Hapo ndipo wakati wa sasa utakapoungana na urithi kwa haki ambayo urithi wenyewe haukuwapa watu wote.